Abasia iliyo chini ya bustani yako: ukubali wachimbe au ukatae?

*"Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Songea, naishi Winchester kusini mwa Uingereza, mtaa wa Hyde, katika nyumba ya kupanga. Majirani wameandaa wikiendi ya urithi ya kutafuta abasia ya kale iliyopotea, na wameniomba wachimbe shimo dogo kwenye bustani yangu ya nyuma. Mwanangu wa miaka kumi halali kwa furaha. Anauliza kama Mfalme Alfred, yule mfalme maarufu wa kale, yuko chini ya banda letu la baiskeli. Mama yangu nyumbani ameniambia kwenye simu nisithubutu kuchezea makaburi ya watu wa Mungu. Mimi nina maswali mengine. Wakikuta dhahabu ni ya nani? Wakikuta mifupa ya watu, serikali itatufungia nyumba? Na hivi kanisa kubwa linapoteaje mpaka watafutwe watu wa kulisaka? Bustanini kwangu hakuna hata tofali. Nikubali au nikatae?"*

Dada, nianze na jibu ili usome mengine ukiwa umetulia: mimi ningekubali, lakini si leo na si kwa mdomo. Wewe ni mpangaji, kwa hiyo ardhi ile si yako kuiruhusu. Lisichimbwe hata kidole kimoja kabla mwenye nyumba hajaandika na kutia sahihi kwamba ameridhia. Hilo likishapatikana, hofu nyingine ulizonazo zina majibu, na baadhi ya majibu hayo yatakufariji kuliko unavyodhani.

Neno "iliyopotea" ndilo linalowachanganya wengi. Wewe umetoka Songea, basi abasia ya Peramiho, iliyo jirani, unaijua. Umeona kanisa lile, umesikia kengele, unajua kwamba abasia ni zaidi ya kanisa: kuna makazi ya watawa, bwalo, karakana, mashamba, hospitali, nyumba ya wageni, na makaburi yao pembeni. Abasia ya Hyde ilikuwa vilevile ya Wabenediktini, watawa wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Kanuni waliyoishika Hyde miaka 900 iliyopita ni ileile wanayoishika Peramiho, Ndanda na Hanga leo: saa za sala, saa za kazi, na mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Majirani zako Waingereza wanalazimika kusoma vitabu ili waelewe mahali pale paliishi vipi. Wewe umekua ukiiona abasia hai. Usiingie kwenye wikiendi hiyo kama mgeni anayechungulia dirishani.

Sasa waza siku moja mtawala anatangaza kwamba abasia zote za nchi zimefutwa. Watawa wanapewa pensheni ndogo na kuondoka. Kesho yake mafundi wanapanda juu ya paa kuondoa risasi, ile metali nzito ya kijivu iliyotandazwa kuzuia mvua, maana inayeyushwa na kuuzwa upesi. Kengele zinashushwa. Paa likishatoka, mvua inaanza kazi yake, na kila mwenye mkokoteni anakuja kununua mawe yaliyokwisha kuchongwa. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza na Wales kati ya 1536 na 1540, enzi ya Henry wa 8, ambapo nyumba za watawa takriban 800 zilifungwa. Hyde ilifungwa 1538. Ardhi yake ikaangukia mikononi mwa Thomas Wriothesley, mtumishi mkubwa wa mfalme, na kanisa likabomolewa upesi mno.

Kwa hiyo abasia yako haikuzama ardhini kama meli. Ilitawanywa. Mawe yake yamo kwenye kuta za nyumba na za bustani za mji huo, na mengine pengine umeyapita ukienda zamu ya usiku. Lango lake bado limesimama. Kanisa la Mtakatifu Bartholomayo, lililokuwa la watu wa kawaida waliokaa jirani na watawa, bado linasaliwa, na ndani yake vimehifadhiwa vichwa vya nguzo vilivyochongwa karne ya 12 kwa ajili ya abasia. Kilichobaki bila kujulikana vizuri ni ramani: wapi hasa palikuwa na bwalo, wapi karakana, ukuta gani uliishia wapi. Majirani zako wanatafuta ramani hiyo. Hazina hawaitafuti.

Umeuliza kanisa linapoteaje. Fundi wa zamani alipotaka kujenga ukuta mzito alichimba mfereji wa msingi na kuujaza gumegume na chokaa, maana Winchester imekaa juu ya miamba ya chaki na gumegume lipo tele. Jiwe zuri la kuchonga lililetwa kutoka mbali, jingine kisiwa cha Wight, jingine Caen kule Ufaransa, na ndilo lililowekwa nje penye kuonekana. Wabomoaji walianza na lile zuri. Kisha wengine wakafuata msingi wenyewe chini ya ardhi, wakachomoa mawe, na shimo wakalifukia kwa chokaa iliyovunjikavunjika na kokoto zisizo na bei. Sisi wanaakiolojia huuita mfereji wa wizi, ingawa wengi wa waliochukua walilipa. Mwanaakiolojia akichimba hapo haoni ukuta. Anaona mstari wa udongo wenye rangi nyingine, mweupemweupe kwa chokaa, upana uleule wa ukuta uliokuwapo. Ukuta umeondoka na kuacha nafasi yake, kama alama inayobaki sakafuni baada ya kabati kuhamishwa.

Juu ya hayo udongo hupanda wenyewe. Watu hulima na kutupa majivu, majani huoza, na nyungunyungu kila usiku hutoa udongo laini chini na kuuacha juu, hivyo kigae kilichoangushwa leo kitashuka pole pole bila mtu kukigusa. Miaka mia tano ya kazi hiyo inatosha kuficha sakafu ya kanisa. Wakati wa kiangazi kikali, nyasi zilizo juu ya msingi wa mawe hunyauka kabla ya nyingine kwa sababu mizizi yake haifiki kwenye unyevu, na mtu akiwa juu kwenye ndege anaona chumba kizima kimechorwa nyasini. Ziko pia mashine za kupima. Moja hupitisha umeme mdogo ardhini, na penye mawe makavu umeme hupita kwa shida. Nyingine hutuma mawimbi ya rada na kusikiliza yanavyorudi. Uwanja wa wazi ukiupima hivyo unapata picha nzuri. Bustani ya nyuma ya nyumba ni shida: uzio, mabomba, nyaya, misingi ya vibanda, vyote vinaipigia mashine kelele. Ndiyo maana kwenye mitaa kama yenu mara nyingi inabidi wachimbe, na ndiyo maana wanakuja kukubishia hodi wewe.

Shimo lenyewe ni dogo kuliko unavyowaza. Kwa kawaida ni mita moja kwa mita moja. Nyasi hukatwa kwa vipande na kuwekwa pembeni kama mkeka. Udongo huondolewa tabaka kwa tabaka, mara nyingi sentimita kumi kila hatua, nao hupitishwa kwenye chekeche. Kila tabaka lina mfuko wake wenye namba, na mfuko wa tabaka la tatu hauchanganywi na wa nne hata kama vyote vinaonekana uchafu mtupu. Juu utakuta plastiki, misumari, vipande vya sahani za buluu na nyeupe, vijiti vya udongo mweupe ambavyo ni shina za viko vya tumbaku. Ukishuka, huenda vikaja makombe ya chaza, maana watu wa zama zile walikula chaza kwa wingi, mifupa ya kondoo na ng'ombe, kigae chenye rangi ya kijani inayong'aa, pengine pembe ya kigae cha sakafu chenye nakshi. Kikundi cha wakazi kiitwacho Hyde900, kilichochukua jina lake kwenye miaka 900 tangu 1110, kimekuwa kikichimba bustani za mtaa huo kwa namna hii, na mawe yaliyochongwa ya abasia yametoka mikononi mwa watu wasiowahi kushika mwiko kabla.

Wakifika kwenye ukuta au sakafu iliyo salama, waandaaji wazuri husimama hapo. Wanapiga picha, wanachora kwa vipimo, wanafukia. Hawaing'oi ili waone chini yake kuna nini. Hiki ndicho kipimo changu cha kwanza cha kujua kama kikundi ni cha kuaminika. Waulize, "Mkikuta ukuta mtafanya nini?" Wakijibu kwamba wataufuata mpaka mwisho kwa sepeto, funga geti.

Na lisipotoka kitu? Inawezekana kabisa, na mwanao lazima aambiwe mapema. Lakini shimo tupu nalo linasema. Kama mstari wa ukuta uliokisiwa kwenye ramani unapita kwenu, na shimo lenu linaonyesha udongo wa shamba tu mpaka kwenye chaki, basi ramani imekosea na itachorwa upya. Wenzangu wengi wachanga hulificha shimo tupu kwenye ripoti kana kwamba ni aibu. Nawasihi wasifanye hivyo.

Tuje kwenye mifupa, ambako mama yako amegusa jambo zito. Sitamdharau, wala wewe usimdharau. Historia ya mahali hapo inampa haki kwa kiasi kikubwa.

Watawa wa Hyde hawakuanzia Hyde. Walianzia katikati ya mji, kwenye kanisa lililoanzishwa 901 na Mfalme Edward, mwana wa Alfred, likiwa limebanana na kanisa kuu la zamani kiasi kwamba nyimbo za kwaya moja ziliingiliana na za nyingine. Wanormani, wavamizi waliotoka Ufaransa, walipojenga kanisa lao kubwa pale kuanzia 1079, nafasi ikazidi kuwa finyu. Mwaka 1110 watawa wakahamia nje ya lango la kaskazini, Hyde, nao walibeba mifupa ya Alfred, mke wake na mwana wao Edward, wakaizika upya mbele ya altare kuu. Zaidi ya miaka 400 ilikaa pale ikiombewa.

Mwaka 1788 mkoa ulijenga gereza kwenye eneo hilo. Waliochimba misingi, wafungwa wakiwamo, walikuta majeneza ya mawe na ya risasi. Risasi iliuzwa, mifupa ikatupwatupwa. Miaka michache baadaye ofisa mmoja wa jeshi, Henry Howard, alimhoji msimamizi wa gereza na kuandika alichoambiwa, na bila maandishi hayo tusingejua hata kidogo tunachokijua. Kisha 1866 akaja mtu aitwaye John Mellor, akachimba, akatoa mifupa na kutangaza kwamba ni ya Mfalme Alfred na jamaa zake. Paroko wa Mtakatifu Bartholomayo aliinunua na kuizika kwenye kaburi lisilo na jina kando ya kanisa lake. Watu waliamini, wengine walicheka, na mabishano yakaendelea.

Jibu lilipatikana kwa upole zaidi. Mwaka 2013 kaburi lile lilifukuliwa kwa idhini, mifupa ikapimwa kwa kaboni, na miaka iliyotoka ilikuwa baadaye sana kuliko Alfred, aliyefariki 899. Wale walikuwa watu wa zama za abasia yenyewe. Lakini lilikuwapo sanduku jingine. Katika uchimbaji uliowashirikisha wakazi ulioishia 1999, kilipatikana kipande cha mfupa wa nyonga karibu na ilipokuwa altare kuu, nacho kilikaa kwenye ghala la makumbusho bila kupimwa. Kilipopimwa, matokeo yaliyotangazwa Januari 2014 yalikionyesha kuwa cha mwanaume mtu mzima aliyefariki kati ya 895 na 1017. Abasia ilihamia pale 1110, hivyo mfupa wa zamani kiasi hicho ulikuwa umeletwa. Huenda ni wa Alfred. Huenda ni wa Edward, aliyefariki 924, au wa mwingine wa ukoo ule.

Niseme kidogo kaboni inavyofanya kazi, maana magazeti hupenda kuruka hapo. Kila kiumbe hai hubeba kiasi cha kaboni yenye mionzi hafifu anachokipata kwenye chakula. Akifa, hakiongezwi tena, na kile kilichomo hupungua kwa mwendo unaojulikana, nusu yake kila miaka 5,730. Ukipima kilichobaki unapata kipindi cha miaka kadhaa. Tarehe moja hupati. Jina la mtu halimo humo. Ndiyo maana nasema "huenda", na mtu yeyote atakayekuonyesha mfupa bustanini kwako na kukuambia jina lake, usimsikilize.

Unaona basi jinsi mifupa ilivyonajisiwa na watu wenye haraka: waliokuwa wakijenga gereza, na aliyekuwa akitafuta sifa. Kipande cha 1999 kilihifadhiwa kwa sababu kilichimbwa kwa utaratibu na mahali kilipotoka paliandikwa. Mwambie mama hivyo. Tena mwambie kwamba watawa wenyewe walifukua na kuhamisha wafu wao mwaka 1110, kwa sala na kwa heshima. Na wajumbe wa mfalme walipokuja 1538 waliandika barua kutoka Winchester wakisema nia yao ni kufagia mifupa yote mibovu iliyoitwa masalia ya watakatifu, ya Hyde ikiwamo. Neno lao lilikuwa hilo, kufagia. Mtu anayepiga magoti na brashi mkononi leo hafanyi kazi ileile.

Kisheria, mifupa ya binadamu haiguswi kienyeji. Uingereza ina sheria ya mazishi ya 1857 inayotaka leseni kabla ya kuondoa masalia ya mtu aliyezikwa, na leseni hiyo hutolewa na wizara ya sheria. Wakikuta mfupa wanaodhani ni wa mtu, kazi katika shimo hilo husimama, mfupa hufunikwa mahali pake, na polisi au koroneri, yule ofisa anayechunguza vifo, huarifiwa ili ithibitike si kifo cha juzi. Baada ya hapo njia ya kawaida kwa shimo dogo la wakazi ni kuufukia mfupa ulipo. Nyumba yako haifungwi. Hutahamishwa kwa sababu ya mtawa wa karne ya 13. Wewe ni muuguzi na mifupa ya mtu unaijua, lakini hata madaktari hudanganywa na paja la kondoo lililovunjika. Ukiona kitu chenye shaka usikiinue, mwite msimamizi.

Dhahabu. Kwanza, usiitegemee. Hyde ilikuwa na msalaba mkubwa wa thamani uliotolewa na Mfalme Cnut, nao uliteketea abasia ilipochomwa moto 1141, wakati wa vita vya kugombea kiti cha enzi. Na wale wajumbe wa 1538, walipolivunja kaburi la Mtakatifu Swithun usiku katika kanisa kuu la mji huohuo, walilalamika kwenye barua kwamba hawakukuta dhahabu hata kipande wala jiwe moja la kweli, mawe yote bandia. Madini ya fedha tu ndiyo yalikuwa ya maana. Kama wenye mamlaka ya mfalme waliondoka na manung'uniko, sisi na chekeche letu tusiote ndoto.

Lakini ikitokea, sheria ya hazina ya 1996 iko wazi. Kitu cha zaidi ya miaka 300 chenye angalau asilimia 10 ya dhahabu au fedha, ukiacha sarafu moja moja, lazima koroneri aarifiwe ndani ya siku 14, na tangu 2023 vitu vingine adimu vyenye uzito wa kihistoria vimeongezwa. Makumbusho ikikitaka, thamani hukadiriwa na zawadi hutolewa. Wanaoshiriki katika uchimbaji wa kiakiolojia kwa kawaida hawapati zawadi hiyo, ila mwenye ardhi anaweza kupata. Vitu vya kawaida, vigae na mifupa ya kondoo, ni mali ya mwenye ardhi, na waandaaji humwomba avitoe kwa makumbusho. Unaona kwa nini nilianza na mwenye nyumba. Katika barua ile ya ridhaa yaandikwe pia mambo haya: vitakavyopatikana vitakwenda wapi, nani atarudisha nyasi na kwa lini, na waandaaji wana bima ikiwa mtu atajikwaa na kuumia. Soma mkataba wako wa upangaji usije ukakuta umekatazwa kuchimba. Kama mwenye nyumba ni kampuni na majibu yanakawia, au anakupigia simu akisema "sawa tu" bila kuandika, usiendelee. Ushauri wa bure wa masuala ya upangaji upo mjini. Nenda ukae na mtu ana kwa ana, na mkataba mkononi.

Liko jambo jingine wasilokuambia watu wengi. Baadhi ya ardhi za abasia zimeorodheshwa kama kumbukumbu za taifa chini ya sheria ya 1979, na humo huchimbi bila idhini maalumu, hata kama mwenye ardhi amekubali. Orodha hiyo iko wazi kwa mtu yeyote mtandaoni na ina ramani. Waulize waandaaji kama nyumba yenu imo, nawe hakikisha mwenyewe. Na kama mwanao ataanza kukuomba detekta ya metali baada ya wikiendi hii, kama ninavyotarajia, ajue kwamba kuitumia kwenye eneo lililoorodheshwa bila ruhusa ni kosa la jinai, na kwingineko lazima mwenye ardhi aruhusu. Kila mkoa una ofisa wa kupokea taarifa za vitu vilivyookotwa na wananchi. Watoto huwapenda sana maofisa hawa kwa sababu hawachoki kuulizwa. Mpeleke.

Kuhusu afya nitasema haraka, kwa sababu unayajua kuliko mimi. Chanjo ya pepopunda iwe hai kwenu nyote wawili. Glavu, na mikono ioshwe kabla ya sambusa. Udongo wa bustani za mjini una vioo vilivyovunjika, na pengine vipande vya mabati ya zamani yenye asbesto. Kipande chochote cha kijivu chenye nyuzinyuzi kisivunjwe. Kabla ya kuchimba lazima wapime nyaya na mabomba. Wakija bila kufanya hivyo, waambie warudi siku nyingine.

Nikupe pia upande wa pili kwa haki. Ukikubali, watu usiowafahamu watakuwa uani kwako siku mbili, na huwezi kulala baada ya zamu ya usiku wakati chekeche linatikiswa chini ya dirisha. Kiraka cha nyasi kitaonekana kibaya kwa wiki kadhaa. Ukikataa, hakuna atakayekulaumu, na bado mnaweza kushiriki: kuna meza ya kuosha vigae kwa mswaki, kuna kuandika namba, kuna mashimo ya majirani yanayohitaji mikono. Kwa mtoto wa miaka kumi, meza ya kuoshea mara nyingi inapendeza kuliko shimo, maana nakshi hutokea maji yanapopita. Kama hujui ratiba yako ya kazi mpaka wiki ya mwisho, au kama dhamiri yako haijatulia, mimi ningechagua meza mwaka huu na shimo mwaka ujao.

Kwa dhamiri, nenda kwa paroko wako uzungumze naye. Pwani kwetu, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale, nimewaona wazee wakiacha ubani na marashi kabla ya kazi kuanza, na timu nzuri huwasubiri wamalize. Sioni kwa nini Winchester isiwe hivyo. Watawa wale waliweka kitabu cha majina ya watu wa kuombewa altareni, hai na wafu, kikafunguliwa kizazi baada ya kizazi. Ukimwomba paroko aseme sala fupi uani kwako asubuhi ya Jumamosi kabla ya nyasi kukatwa, nadhani majirani zako watasimama nawe, wenye dini na wasio na dini. Mpigie mama simu ya video asikilize. Kama baada ya hapo bado anasema hapana, hilo mtalimaliza ninyi wawili. Mimi sina utaalamu wa kuingia kati ya mtu na mama yake.

Limebaki swali la mwanao, na yeye ndiye aliyeuliza vizuri kuliko sisi sote. Mfalme Alfred karibu hakika hayuko chini ya banda la baiskeli. Kaburi lake lilikuwa mbele ya altare kuu, na mahali hapo panajulikana: ni kwenye bustani ndogo ya umma inayoitwa Hyde Abbey Garden, ambako umbo la mwisho wa mashariki wa kanisa limechorwa ardhini na mabamba matatu ya mawe yamelazwa kuonyesha makaburi. Mpeleke Ijumaa jioni akitoka shule. Asimame penye mabamba, ageuke kuelekea nyumbani kwenu, na ahesabu hatua akitembea mpaka kwenye uzio wenu. Namba atakayoipata aiandike kwenye daftari pamoja na tarehe, kisha Jumamosi amkabidhi msimamizi wa uchimbaji na kumuuliza, kwa umbali huo, hapa nyumbani kwetu palikuwa na nini.